Risala ya Kikundi cha Usafi wa Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Mwanga, Manispaa ya Kigoma Ujiji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya; waheshimiwa madiwani; wenyeviti wa mitaa na maafisa afya; wazee wetu, baba zetu na mama zetu: Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Tunakushukuru kwa kuungana nasi Jumamosi hii ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, na kwa kushika koleo kabla ya kushika kipaza sauti. Wenzetu wameona na wamefarijika.

Mheshimiwa, kazi yetu ni kutoa taka majumbani. Alfajiri tunapita na guta na mikokoteni. Kila kaya inatoa kiroba chake na kulipa ada kwa stakabadhi. Taka tunazifikisha kizimbani, pale zinapokusanywa, na kutoka hapo gari huzibeba kwenda dampo. Ukisimuliwa hivyo utaona ni kazi nyepesi. Lakini mji wetu umekaa vilimani, na guta lililojaa halipandi kilima kwa pedali. Linasukumwa, na wakati wa kushuka lazima awepo mtu wa kulizuia. Kwenye vichochoro lisikopita, taka hubebwa kichwani. Huko ndiko watu wanakochoka kusubiri wakamwaga mferejini, na mvua zikianza mfereji hupeleka vyote ziwani.

Hapo ndipo panapotuuma. Ziwa Tanganyika lina kina cha meta 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Tunalitegemea sisi, Burundi, Kongo na Zambia, na maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo. Plastiki ikizama humo haina pa kwenda. Katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 lilitupunguzia mzigo mkubwa, tunalishukuru kwa dhati. Kinachotulemea sasa ni chupa za maji na soda.

Na chupa hizo ni mali, Mheshimiwa. Wanunuzi huzipima kwa kilo, sawa na vyuma chakavu, ndoo zilizopasuka na maboksi. Tatizo ni umbali. Soko kubwa la bidhaa hizi liko Dar es Salaam, zaidi ya kilometa 1,200 kwa reli, na gunia la chupa tupu linakula nafasi ya gunia la mahindi huku likiwa na kilo chache tu. Nauli inameza bei, na mama aliyeinama kutwa nzima akiokota anaambulia kidogo. Dawa yake inajulikana: mashine ya kugandamiza, chupa zikatoka zimefungwa marobota ya kupangwa kwenye behewa.

Hata hivyo, mashine peke yake haitatosha kama taka zitaendelea kutoka nyumbani zimechanganywa. Sehemu kubwa ya tunachobeba ni mabaki ya jikoni: maganda ya mihogo na ndizi, mabua ya sombe, matumbo ya migebuka. Boksi lililolowa mchuzi halina mnunuzi, na chupa yenye uvundo inashushwa bei. Ndiyo maana tunaomba viroba viwili kila nyumba, kimoja cha taka mbichi na kimoja cha taka kavu. Kaya zilizokubali zimetupunguzia kazi ya kuchambua kwa kiasi kikubwa, na zile mbichi tunazilaza zikawa mboji, inayochukuliwa na wakulima wa mchicha.

Mama zetu na baba zetu, tunawaomba pia msitie sindano wala wembe kirobani. Mwenzetu alichomwa sindano akichambua taka, na kule kusubiri majibu ya vipimo hatumtakii mtu yeyote. Wekeni kwenye kopo gumu lenye kifuniko, mtukabidhi peke yake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi. La kwanza na kubwa ni mashine hiyo, pamoja na eneo lenye paa karibu na stesheni ya reli. Mashine hatuiombi bure. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi chetu kina wote hao, na andiko la mradi tumeshaliandaa. Tunaomba utusemee lisikilizwe mapema.

Jingine ni ratiba ya gari la taka kubandikwa kwenye ofisi ya kila mtaa. Kizimba kikifurika, mbwa na kunguru hutawanya taka barabarani, na mama aliyelipa ada yake anatuuliza sisi amelipia nini. Swali lake ni la haki, nasi hatuna jibu. Ratiba ikijulikana, tutapanga mizunguko yetu ilingane na siku ya gari, na wenyeviti watapata nguvu ya kuwadai wasiolipa.

Magunia ya chupa yanayosubiri usafiri yako nyuma ya jukwaa hili. Tunakuomba ukishuka upite uyaone, na akina mama walioyajaza wako hapo hapo, watakueleza bei wanayopewa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.