Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Tanga kuhusu vichochoro vya Raskazone

Ndugu Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima. Ninakuandikia kuhusu vichochoro vyetu vya kushukia pwani, nikiwa mkazi wa Raskazone kwa zaidi ya miaka thelathini, na ningependa kukiri mapema kwamba mimi si mtu wa kuonewa huruma: ninaishi chini ya kivuli cha miembe na mikrismasi, katika mtaa ambao mchana kutwa husikii ila kunguru na ufagio wa mtunza bustani, na upepo wa bahari huingia sebuleni bila kupiga hodi. Wenzetu wa Ngamiani, waliobanana katika barabara zao zenye namba, hutuita watu wa uzunguni, nasi hatuna la kubisha, kwani huku ndiko walikojenga Wazungu enzi za ukoloni.

Hata hivyo, Raskazone haijawahi kuwa ya wenye nyumba peke yao. Jioni barabara inayopita Hospitali ya Bombo hujaa baiskeli zinazokuja pwani, sikukuu za Idi watoto hushuka na nguo zao mpya hadi zikaingia chumvi, na maji yakipwa sana wakati wa bamvua akina mama huja na ndoo kuokota chaza na kuchokoa pweza miambani. Mtaa huu ukiuondolea watu hao, utabaki safu ya mageti na mbwa wanaobweka.

Kichochoro kinachonifanya niandike kipo kati ya viwanja viwili, na upana wake hauzidi mikono miwili iliyonyooshwa. Kinateremka hadi pwani kwa ngazi zilizochongwa katika jiwe la matumbawe, na ngazi ya tatu imelika katikati kwa nyayo za watu. Tangu masika iliyopita kimewekwa geti la chuma na kufuli. Nilimkuta hapo mama mmoja, ndoo tupu kichwani, akimsihi mlinzi amfungulie kabla maji hayajaanza kujaa. Mlinzi, ambaye naye ni mtoto wa Ngamiani, alitazama viatu vyake akasema, "Mama, mimi ni mtumishi tu." Yule mama hakugomba, aligeuka akaondoka, na siku yake ya kazi ikawa imekwisha saa mbili asubuhi. Novemba 1914 maelfu ya askari wa Uingereza kutoka India walishuka kwenye rasi hii hii, wakatimuliwa na askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na nyuki nao wakachangia kwa kuwauma. Mama yetu ametimuliwa na kufuli.

Ninafahamu kwamba wenye nyumba wana hofu ya wezi, na hofu hiyo si ya kubuni, maana mimi mwenyewe nimewahi kuibiwa pampu ya maji. Lakini mwizi wa pampu yangu alipita barabarani kama watu wengine, si kwenye ngazi za pwani. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo anayejenga ukuta hadi ukingo wa mwamba asijifiche nyuma ya hati ya kiwanja. Siombi nyumba kongwe zibomolewe. Ninachoomba ni kwamba mpimaji aje na ramani ya awali ya mipango miji, azitafute bikoni, yaani mawe ya mipaka ya viwanja, moja baada ya nyingine, na kila kichochoro kitakachoonekana kwenye ramani kifunguliwe na kuwekewa kibao chenye maandishi yanayosomeka, ili mlinzi asilazimike tena kutazama viatu vyake.

Tena mpimaji huyo aanzie kwangu. Ukuta wangu wa upande wa bahari niliujenga kwa haraka, fundi akivuta kamba kwa macho, na kila nikiutazama ninashuku kwamba umemega hatua mbili za njia. Hata nisipokuwepo, ufunguo wa geti ataukuta kwa mlinzi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Raskazone, Tanga