Frateri wetu na Misa ya Kilatini: tuandike nini kwenye taarifa ya likizo?

Tumsifu Yesu Kristo, Padre.

Tunaandika kutoka parokia moja ya Jimbo la Moshi, upande wa mlimani. Sisi ni kamati ya miito. Frateri, yaani mseminari anayesomea upadre, akimaliza likizo, paroko hutuita na kutuuliza tumemwonaje, kisha yeye hujaza taarifa inayokwenda kwa Gambera, mkuu wa seminari yake, nakala kwa Baba Askofu. Kwa kawaida ni kazi ya nusu saa: anasali, anaheshimu wazee, anashiriki jumuiya, basi. Safari hii tumekaa vikao vitatu na karatasi bado nyeupe.

Kijana yuko mwaka wa pili wa falsafa. Hanywi, hana makuu, huwafuata wagonjwa kwa miguu hadi vigango vya juu, na asubuhi hufika kanisani kabla ya mtunza sakristia. Ila moyo wake uko kwenye Misa ya Kilatini ya Misale ya 1962, kitabu cha Misa ya zamani kabla ya mageuzi ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na likizo yote hii alikuwa akiivuta parokia kuelekea huko. Tunataka kuandika ukweli wake wote bila kumchongea na bila kumficha. Hapo ndipo tulipokwama, maana maneno mawili tu, "anapenda mapokeo", yanaweza kumjenga kwa mlezi mmoja na kumwangusha kwa mwingine. Kwa hiyo tumejaribu kupeta, mchele kando na pumba kando, nawe utuambie kama ungo wetu umetoboka.

Kilatini chenyewe tumekiweka kwenye mchele. Aliwafundisha watumishi wa altare na wanakwaya vijana Kyrie, Sanctus na Agnus Dei za Missa de Angelis, pamoja na Credo III. Hilo si kosa hata kidogo. Hati ya Mtaguso juu ya Liturujia, ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 54, inataka waamini waweze kusema au kuimba kwa Kilatini sehemu zao za Misa, na namba 116 inaupa wimbo wa Kigregori nafasi ya kwanza. Mwaka 1974 Papa Paulo VI aliwapelekea maaskofu kijitabu Jubilate Deo chenye nyimbo chache za kuanzia ili zisipotee. Kanuni ya 249 ya Sheria za Kanisa inadai frateri akijue Kilatini vizuri. Hata Misa ya sasa inaweza kuadhimishwa kwa Kilatini bila kibali cha pekee, mradi isiwe ile ambayo watu wamepangiwa kwa Kiswahili. Anayemkasirikia frateri kwa sababu ameimba Sanctus ana ugomvi na Mtaguso, si na frateri.

Tena mdomo wa Mswahili unakipokea vizuri Kilatini cha Kanisa, kwa kuwa vokali ni zilezile tano. Makosa yanayojirudia ni machache: kuongeza vokali mwishoni (Deusi, Dominusi), kutamka agnus kama ag-nus badala ya anyus, caelis kama kaelis badala ya chelis, na mihi kama lilivyoandikwa badala ya miki. Watoto waliyashika ndani ya majuma matatu.

Upungufu tumeukuta kwa mwalimu mwenyewe. Mzee mmoja wa kamati aliyepita seminari ndogo zamani alimpa Kolekta ya Jumapili (sala ya mwanzo wa Misa) aitafsiri, simu ikiwa mezani. Aliisoma kwa sauti nzuri sana, akakwama kwenye kitenzi. Si aibu, saa za Kilatini si nyingi kama walivyofundishwa kina Kardinali Laurean Rugambwa, lakini tumelitia moyoni: kwa sasa anachokipenda ni sauti na ubani kuliko maneno. (Kuhusu ubani, kwa faida ya sakristia nyingine: mkaa wa jikoni uliowekwa kwenye chetezo kabla haujashika jivu jeupe hurusha cheche. Zulia letu la altare sasa lina matundu mawili.)

Kanzu tusiijadili sana. Ameshonewa nyeusi, vifungo 33 kwa hesabu ya miaka ya Bwana na vingine 5 kila mkono kwa ajili ya madonda matakatifu. Julai hapa kwetu kuna ukungu na baridi, inavumilika, Februari atajionea. Kisheria frateri bado ni mlei, kwa sababu siku hizi mtu huingia katika hali ya wakleri kwa ushemasi (Kanuni ya 266), kwa hiyo mavazi yake ni suala la utaratibu wa seminari na agizo la paroko. Paroko alimwambia avae ndani ya kanisa tu. Akatii siku hiyohiyo. Tumeandika hilo.

Kupokea Komunyo kwa magoti nako ni haki yake. Maelekezo ya Roma ya 2004, Redemptionis Sacramentum, namba 91, yanakataza kumnyima mwamini Komunyo kwa sababu tu amepiga magoti au amesimama. Tatizo lilikuwa la kiufundi. Aliwafundisha watoto kupiga magoti katikati ya foleni, kwenye sakafu ya saruji, Misa ya kwanza, watu wamebanana. Mtoto akishuka ghafla, aliye nyuma hana habari. Bibi mmoja alijikwaa na kuanguka. Tumependekeza kwa paroko vibao viwili vyenye mto, kimoja kila upande, viwekwe nje kidogo ya mstari ili anayetaka kupiga magoti asogee na anayesimama apite. Gharama ni mbao na siku moja ya seremala. Kama unajua parokia iliyokwishafanya hivi, tuambie ilikwendaje.

Sasa pumba.

La kwanza, aliondoa majina ya wasichana watano kwenye orodha ya watumishi wa altare na kuwaambia wazazi kwamba "Kanisa haliruhusu". Roma iliruhusu tangu 1994, kila askofu akiamua jimboni mwake, na kwetu wasichana wanatumikia miaka mingi. Lakini hata angekuwa na hoja, frateri wa likizo hana mamlaka ya kumwondoa mtu kwenye orodha yoyote parokiani. Paroko alimwita, akamweleza kwa dakika kumi. Jumapili iliyofuata majina yalirudi, naye akawaomba radhi wazazi mmojammoja. Sisi tunaona jinsi alivyopokea kusahihishwa ina uzito kuliko kosa lenyewe.

La pili ni zito. Aliwaambia akina mama wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) kwamba Misa ya Kiswahili "ina upungufu" na kwamba hakuna Papa anayeweza kuigusa Misa ya zamani, kwa kuwa Papa Pio V aliifunga milele kwa hati Quo Primum ya mwaka 1570. Hoja hii anaitoa kwenye video za simu, nyingi za Marekani, na haisimami. Misale ile ilifanyiwa marekebisho na Klementi VIII mwaka 1604 na Urbano VIII mwaka 1634. Pio XII alibadilisha ibada za Juma Kuu mwaka 1955. Na Yohane XXIII aliingiza jina la Mtakatifu Yosefu katika Kanuni ya Misa (sala kuu ya Ekaristi) mwaka 1962. Misale anayoililia imepita mikono ya mapapa wengi. Tulimweleza. Alinyamaza, ila hajarudi kwa akina mama kuyafuta maneno yake, na wapo wawili wanaouliza kama Misa walizoombea marehemu wao zilifika.

Hapo ndipo tunapochora mstari wetu. Kupenda Misa ya zamani ni jambo moja. Kuona kwamba sheria ya sasa imebana mno ni jambo jingine; waamini wengi wema wanaona hivyo na wanatii. Kusema kwamba Misa anayoadhimisha Askofu wako ni pungufu ni jambo la tatu, na mtu wa namna hiyo siku ya ushemasi atatoa ahadi ya utii kwa mdomo huku moyo uko kwingine.

Ana hoja moja ambayo hatutaki kuipuuza. Anasema wazee wetu wa Kilema, ambako wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika 1890, walibatizwa na kuzikwa kwa ibada ile, kwa hiyo si kitu cha kuazima Ulaya, ni urithi wa Mchaga Mkatoliki. Ni kweli, na wapo bibi ambao bado wanaisali Salve Regina bila karatasi. Kisha anaongeza kwamba Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, mwanzilishi mwaka 1970 wa Udugu wa Mtakatifu Pio X, chama cha mapadre wanaoshikilia Misa ya zamani, alikuwa wa shirika hilohilo la Roho Mtakatifu. Nalo ni kweli. Aliliongoza kuanzia 1962 hadi 1968. Asichokisema ni kwamba mwaka 1988 aliweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa, na kwamba wamisionari wa shirika lile waliendelea na Kanisa. Seminari ya wamisionari hao wa Roho Mtakatifu iko Njiro, Arusha, mwendo wa saa mbili hivi kwa basi kutoka hapa.

Na hapa ndipo tunapopoteza usingizi. Kijana amemwambia mmoja wetu, kwa siri ya kirafiki na si ya kitubio, kwamba mara mbili alivuka mpaka kwenda Kenya kusali kwenye kikanisa cha Udugu huo, na kwamba anafikiria kuacha jimbo. Tumemweleza njia zilivyo, kwa sababu vijana huzichanganya. Udugu wa Mtakatifu Petro, ulioanzishwa 1988, na Taasisi ya Kristo Mfalme, iliyoanzia Gabon mwaka 1990, wako katika umoja kamili na Papa na wanatumia Misale ya 1962 kwa ruhusa. Udugu wa Mtakatifu Pio X ni habari nyingine: Benedikto XVI aliwaondolea maaskofu wake adhabu ya kutengwa mwaka 2009, lakini akaandika wazi kwamba mapadre wake hawana huduma halali katika Kanisa. Papa Fransisko baadaye aliwapa ruhusa ya kuungamisha, na mwaka 2017 akafungua njia kuhusu ndoa. Hayo hayakugusa mengine. Akipewa upadre huko, ni padre kweli, lakini hana askofu, hana jimbo, na mama yake hatamwona akiadhimisha Misa ya shukrani kwenye altare alikobatizwa.

Hata njia halali si ya mkato. Kanuni ya 241 inataka anayetoka seminari moja kuomba nyingine awe na barua ya Gambera wake wa kwanza, inayoeleza hasa kwa nini aliondoka. Anayetoroka akidhani ataanza upya hukutana na karatasi hiyo mlangoni. Malezi huanza tena karibu mwanzo, lugha ni Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani, na mwishoni ni padre wa chama hicho, anatumwa wanakotaka wakubwa wake. Akibaki jimboni, ajue sheria ya Papa Fransisko, Traditionis Custodes, ya tarehe 16 Julai 2021: padre aliyepewa daraja baada ya tarehe hiyo hawezi kutumia Misale ya 1962 bila kumwomba Askofu, na tangu ufafanuzi wa Februari 2023 kibali kinatoka Roma. Frateri anayevumilia miaka ya seminari akisubiri tu kuadhimisha Misa ile amejenga nyumba kwenye kiwanja ambacho hajapewa.

Padre, maswali yetu ni haya. Safari zile mbili tuziandike? Kanuni ya 1043 inawabana waamini kufichua vizuizi vya daraja wanavyovijua, na Kanuni ya 1041 inataja mfarakano, yaani kujitenga na Papa. Sisi tunasoma kwamba kusali mara mbili mahali pale si kujiunga na mfarakano, kwa hiyo hatubanwi. Lakini tusipoandika, na likaja kufahamika wakati wa uchunguzi kabla ya ushemasi, atakuwa na miaka 27 au 28 na atarudishwa nyumbani. Huku kwetu unajua maana ya frateri aliyerudishwa. Ukoo mzima unapanda mlimani Krismasi, na kila mmoja ana swali.

Pili, tunaruhusiwa kumsomea rasimu kabla haijakwenda? Baadhi yetu wanasema taarifa ni siri ya Kanisa. Wengine wanataja Kanuni ya 220 juu ya jina jema la mtu, na wanaona ni afadhali asikie kwetu kuliko ofisini kwa Gambera. Mwelekeo wetu ni kumwambia yeye mwenyewe aitaje safari kwa mlezi wake kabla ya mwisho wa muhula, nasi tuandike matendo tu, bila neno "mapokeo": aliondoa majina, aliagizwa, alirudisha, alisema kuhusu Misa ya Kiswahili, alielezwa, hajafuta. Je, hiyo inatosha, au ni kukwepa?

Mwisho, wapo vijana wawili waliomaliza kidato cha sita wanaomfuata kama kivuli na wanaomba barua ya paroko waingie mwaka wa malezi. Hatuna ubaya nao, ila hatujui kama ni wito au ni kundi. Paroko anafikiri mmoja asubiri mwaka, wasiende pamoja. Ungefanya hivyo?

Kijana anarudi seminarini mwezi ujao na fomu lazima imtangulie.

Kamati ya Miito
Moshi
(majina tumeyahifadhi)