Rimu nzima, siku nane!

Ujiji, Kigoma

Mwajuma wangu,

Salamu nyingi kutoka mwisho wa reli. Sisi wazima, Mama Riziki naye hajambo, goti tu. Haya, rimu. Umeniandikia kwamba ile ya karatasi 500 imekwisha kwa siku nane, kwa karatasi za mazoezi ya herufi na namba za darasa lako. Nimepiga hesabu: watoto 60, kila mmoja karatasi moja kwa siku, siku ya nane zimebaki 20. Mwalimu mkuu akinuna ana haki!

Wape mara mbili kwa wiki, na A4 uikate katikati. Hapo rimu inafika wiki nane. Siku nyingine vizibo, mbegu za maembe, mchanga. Karatasi inakuonyesha nani ameelewa, kufundisha haifundishi. Anayejifunza 3 ahesabu vizibo vitatu kwanza, aiandike 3 mchangani kwa kidole, ndipo ashike penseli. Ukiruka hapo atafuatisha vidoti vizuri kabisa, halafu mwambie akuletee vijiti vitatu: analeta fungu zima.

Na zile karatasi za mazoezi ulizotoa intaneti, jamani! Herufi a, pembeni tufaha. Hiyo a ni ya Kiingereza. Mtoto wa hapo kwenu Ipuli ataliita tufaha, au embe, sasa a aitoe wapi? Chora mwenyewe: a ya asali, e ya embe, nanyi Tabora mnavyo vyote. Ila ukichora chupa ya asali watasema "chupa", kwa hiyo tajeni picha zote kwa sauti kabla hujagawa. (Ya i inatoa jasho. Iriki?)

Ukurasa mmoja zoezi moja, picha nne au tano, basi. Mistari iachane sentimita 2 hivi. Kila herufi iwe na nukta nene pa kuanzia na mshale, maana mtoto anaweza kuandika 1 kutoka chini kwenda juu na jicho lako lisione kosa, mkono umeshazoea vibaya. Ndiyo maana upite katikati yao wakiandika, usisubiri kusahihisha mezani. Na toa kopi kwenye karatasi ya kwanza daima. Kopi ya kopi vidoti hufifia.

Na karatasi kuchanika je? Raba zikusanye, zinatoboa. Krayoni zivunje vipande vya sentimita 3: kifupi hivyo hakishikiki kwa ngumi, vidole vitatu vinajipanga vyenyewe.

Nirudi kwenye rimu. Tia nakala kumi kwenye nailoni ngumu inayoonyesha, waandike kwa kalamu ya ubao mweupe, ufute kwa kitambaa, lipokee kundi lingine. Bado ningekuwa mkali na hiyo mara mbili kwa wiki.

Wanaandikia wapi, madawati au mkekani? Kama ni mkekani, una maboksi magumu ya kuwekea chini? Msaidizi wa darasa umepewa? Na Hamisi zile benchi alileta, au bado ni "kesho"? Utakuja likizo na treni?

Wako,
Zainabu