Wifi yangu, chapati usimnyang'anye kwanza

Wifi yangu, assalaam alaykum.

Sauti zako nne nilizisikiliza juzi usiku nikiwa jikoni. Zote zinauliza kitu kilekile: nikutumie orodha ya vyakula nilivyomkataza mwanangu, maana na wewe umeambiwa binti yako ana usonji (autism), na kuna mtu kakwambia ukitoa ngano na maziwa mtoto atafunguka kusema. Orodha ninayo, ipo kwenye daftari lililolowa samli. Sijakutumia. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu si wewe wa kwanza kuniuliza, na mimi ni shangazi yake huyo mtoto, nina haki ya kupayuka.

Nilifanya miezi mitano. Hapa Ngamiani, Tanga, ukisema humpi mtoto ngano watu wanakuona mwehu, ila kusema kweli sisi wa pwani tuna nafuu: wali wa nazi, muhogo wa nazi, ugali, vitumbua, mkate wa kumimina, bhajia za dengu. Vyote hivyo ukivipika mwenyewe havina gluteni, ile protini ya ngano, na tui si maziwa ya ng'ombe. Vinavyokuponyoka ni tambi, katlesi zilizogaragazwa kwenye chenga za mkate, urojo uliokorogewa unga, na ule unga wa lishe wa pakiti ambao ukisoma nyuma unakuta ngano imo. Soya sosi nayo mara nyingi ina ngano; hiyo ilinichukua mwezi mzima kuigundua.

Lakini mwanangu havitaki vitumbua. Unamjua. Chapati anaibandua tabaka la juu lenye madoa ya kahawia, analipanga pembeni ya sahani, anakula lile jeupe la ndani. Maziwa kwenye kikombe cha bluu, si kingine. Chapati, maziwa, wali mkavu, ndizi, basi. Watoto wengi wenye usonji wako hivyo, chakula wanakichagua kwa rangi, kwa harufu, kwa namna kinavyokaa mdomoni. Na mimi katika vinne nikamwondolea viwili. Chapati za unga wa mchele zilivunjika kama vigae. Alivipanga mstari sakafuni, hakuonja hata kimoja. Kitumbua alikinusa akakificha chini ya mkeka, sisimizi ndio waliotuonyesha. Mwezi wa pili mzani wa kliniki ukasoma kilo 15 na nusu, kutoka 17. Nesi akaniuliza, "Mama, huyu anaumwa?" Nikadanganya kwamba alikuwa na malaria.

Nisikufiche na mazuri. Alianza kulala usiku kucha. Choo alichokuwa akikaa siku nne bila kukipata kikaja chenyewe. Nikapiga simu kila upande nikitangaza (na wewe nilikupigia, kwa hiyo lawama nyingine ni yangu). Ndipo daktari wa watoto akaniuliza zamani alikuwa anakunywa maziwa kiasi gani. Karibu lita kwa siku, nikamwambia. Akaniambia maziwa mengi namna hiyo, bila mboga wala tunda la maana, yanaweza kumfunga choo mtoto yeyote yule. Na mtoto asiyeweza kusema tumbo linamuuma atalia, atagonga kichwa ukutani. Tumbo lilipotulia na yeye akatulia. Usonji ulikuwa palepale.

Kilichonifumbua macho ni Ramadhani. Tulikwenda kufuturu kwa bibi yake. Nimemaliza kusali magharibi, narudi ukumbini, nakuta sahani ina yale maganda ya kahawia yamepangwa pembeni vizuri, na glasi ina utando wa maziwa. Bibi mtu anaangalia dari. Siku tatu nilimvizia yule mtoto nikingoja balaa. Wapi! Alikuwa yuleyule wa jana yake.

Baadaye nikasoma kwamba kule Rochester, New York, watafiti walifanya kwa utaratibu kile bibi alichokifanya kwa huruma. Watoto 14 wenye usonji wa miaka mitatu hadi mitano, wakiwa kwenye mlo huohuo, walipewa vitafunwa: vingine vina ngano, vingine vya maziwa, vingine vyote viwili, vingine havina chochote. Wazazi hawajui kipi ni kipi, wapimaji nao hawajui. Matokeo yakachapishwa 2016: si tabia, si usingizi, si choo, hakuna kilichotofautiana cha maana. Watoto ni wachache, nakubali. Ila hata mwongozo wa 2013 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unakataza kutumia mlo wa namna hii kutibu dalili za msingi za usonji.

Sasa ninachokuomba kabla hujaugusa unga. Kama binti yako anaharisha, tumbo linamjaa au haongezeki uzito, mpeleke akapimwe damu ya siliaki, ule ugonjwa ambao gluteni ikiingia mwili unaushambulia utumbo wake wenyewe. Huo upo kweli, na dawa yake ni kuacha gluteni maisha. Lakini apimwe akiwa bado anakula ngano. Mimi nilikwenda kuuliza mwezi wa nne, nikaambiwa kipimo hakitasema kweli mpaka arudie kula kwa wiki kadhaa. Na kama maziwa yanamtoa vipele au kumtapisha, hilo nalo kamweleze daktari, mpange kabisa atapata wapi kalsiamu. Usiniambie dagaa, kama hali dagaa.

Wangu amerudia chapati yake. Maziwa ni vikombe viwili kwa siku, na papai limekubalika, mradi likatwe vipande vya mraba. Maneno anayo saba. La saba limekuja juzi, ni "funga", maana feni inampigia kelele.

Ijumaa nakuja Bagamoyo na basi la asubuhi. Umebaki unga wa mchele kilo tatu, nakuja nao tuupikie vibibi, vile vichapati vya mchele na nazi, tule sisi wakubwa. Msalimie kaka yangu.