Gari ya bei poa inayomeza baiskeli nzima

Mhariri, habari za kazi. Naomba niseme na wanaotafuta gari ya mkononi na wana baiskeli, maana mimi nimehangaika miezi mitatu hapa Dar kutafuta gari inayoingiza baiskeli nzima. Kufungua tairi la mbele la baiskeli kila siku ili iingie sitaki, mikono inajaa grisi ya cheni kabla hata sijafika kazini. Kuna dalali aliniapia kabisa kigari chake kinaingiza baiskeli, kumbe hajawahi kujaribu, usukani wa baiskeli ukagoma kwenye kioo cha nyuma, buti halifungi. Sasa jamani nendeni yadi na baiskeli yenyewe, tepu ya kupimia peke yake haitoshi, maana baiskeli ya mtu mzima ina kama mita 1.7 mpaka 1.8 na buti linaweza likatosha kwa urefu ila mlango ukawa mfupi. Toyota Probox ukilaza siti za nyuma baiskeli inaingia ikiwa imelala ubavu, upande wa cheni juu, tandika gunia chini. Toyota Noah, ile ya safu tatu za siti, ndo tamu, siti za mwisho unazikunjia pembeni baiskeli inasimama wima, ila mafuta inakunywa zaidi. Mimi nimechukua Probox. Na nyie wenye yadi, tafadhali turuhusuni tujaribishe kabla hatujalipa.

Mwendesha baiskeli, Dar es Salaam