Ule mkono wa chuma uko wapi?

Nungwi, Unguja

Shoga yangu Mwanaidi,

Asalaam alaykum. Huku sote wazima, mama anakusalimu na anaulizia ule ubani uliomwahidi. Sauti uliyonitumia juzi nimeisikiliza mara tatu, ya mwisho nikiwa juu ya ngazi. Unasema wakubwa zako wa shirika la umeme hapo Muscat wanataka kuiondoa zamu ya mafundi wa usiku, maana breka zote, yaani zile swichi kubwa za kukata na kuunga umeme, zitawashwa na kuzimwa kwa kompyuta, na wewe umetakiwa uandike maoni. Haya, nisikilize, ingawa mimi ni fundi wa hoteli tu.

Anza na Ukraine. Tarehe 23 Desemba 2015, magharibi mwa nchi ile, fundi wa zamu anaangalia skrini yake, mara kishale cha kipanya kinatembea chenyewe. Kinabonyeza breka, kinathibitisha, kinahamia nyingine. Akashika kipanya, hakimtii. Mara mfumo ukamtoa nje, na alipojaribu kurudi neno la siri lilikuwa limeshabadilishwa. Kampuni tatu za umeme zilipigwa ndani ya nusu saa, vituo vya kupozea umeme kama 30 vikazimwa, wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani na baridi ya Desemba.

Wadukuzi walikuwa wameingia miezi mingi kabla, kwa barua pepe yenye faili la Word. Unalifungua, linakuomba ruhusa, unabonyeza ndiyo kama tunavyobonyeza sote bila kusoma, kwisha habari. Wakakaa humo kimya wakijifunza mazoea ya nyumba. Siku ilipofika wakamiminia simu za uongo kwenye huduma kwa wateja, ili mwenye umeme uliokatika asipate pa kusemea, na wakavuruga hata umeme wa akiba wa chumba cha kuongozea mitambo. Yaani hata mafundi nao wakae kizani! Hapo nilicheka, Mungu anisamehe.

Sasa muulize mkubwa wako umeme ulirudi vipi. Kwa magari. Watu walikwenda kituo kimoja kimoja wakawasha breka kwa mikono yao, na kati ya saa moja na sita taa zikawaka. Vifaa vya mawasiliano huko vituoni vilikuwa vimeharibiwa programu zake, kwa hiyo aliyengoja kompyuta angengoja sana. Mitambo ile ilikuwa ya zamani, mafundi wake bado wanajua kuishika, na huo uzee ndio uliowaokoa.

Sisi lakini hatukuhitaji mdukuzi. Unaikumbuka Desemba 2009? Ule waya wa chini ya bahari wa tangu 1980, megawati 45, kutoka Ras Kiromoni huko bara hadi Fumba huku kwetu, ukapata hitilafu upande wa Fumba, na Unguja nzima ikakosa umeme wa gridi mpaka Machi 2010. Na mwaka 2008 tulikuwa tumeshaonja karibu mwezi mzima. Mimi giza silikumbuki sana kama ninavyoyakumbuka madumu. Pampu zimesimama, mabomba makavu, wewe na mimi foleni ya kisima tangu alfajiri, wewe na lile dumu lako la njano lisilo na kifuniko, ukifika nyumbani nusu ya maji iko kwenye kanga. Darajani jenereta zinanguruma mpaka salamu unaitoa kwa kupiga kelele. Mwaka 2013 tukapata waya mpya wa megawati 100 kwa fedha za Wamarekani, ila nao unatokea Ras Kiromoni na kuibukia Fumba. Nyaya mbili, mlango mmoja. Hilo huwa linanikera kila nikipita barabara ya huko.

Tena si lazima adui awe mtu. Juni 2016 tumbili aliiangukia transfoma pale Gitaru, kituo cha kuzalisha umeme huko Kenya, zikapotea megawati 180, mitambo mingine ikaelemewa, nchi nzima ikazima. Tumbili mwenyewe alitoka mzima.

Nikupe na la hapa kazini, lakini lisifike mbali. Tumefungiwa kabati jipya la kubadilishia umeme, wa gridi ukikatika jenereta inapokea yenyewe. Zuri, lina skrini ya kugusa. Mwezi uliopita saa nane usiku umeme ukakatika, jenereta ikawaka, kabati likaganda katikati: gridi halitaki, jenereta halitaki. Skrini inadai neno la siri, nalo analo fundi aliyekuja kulifunga, na huyo simu hapokei. Nikasema haidhuru, kabati lina mkono wake wa chuma, unauchomeka, unageuza. Mkono haupo. Tumetafuta na tochi robo tatu ya saa, samaki wanayeyuka kwenye friza, wageni wako ufukweni na nguo za kulalia. Tumeukuta stoo ya jikoni, umeegemezwa dirishani kuzuia upepo.

Kwa hiyo kwenye maoni yako kompyuta usizipinge, watakuona mshamba. Sema kompyuta zinazosoma barua pepe zisigusane kabisa na zinazowasha breka, na anayeingia kwenye mfumo kutoka nje asiingie kwa neno la siri peke yake. Lakini zamu ya usiku ing'ang'anie. Wakikataa, angalau mara moja kwa mwezi wazime skrini makusudi, watu waende vituoni wawashe kwa mkono, na wapimwe wametumia dakika ngapi. Hayo mengine wataalamu wenu watayaandika kwa Kiingereza kizuri.

Mkono wetu sasa nimeufunga kwa mnyororo ubavuni mwa kabati. Mpishi mkuu ananinunia, dirisha lake linagonga usiku kucha. Ukiingia zamu kesho waulize mikono yenu ya chuma iko wapi, kisha unitumie sauti, lakini baada ya isha, nikiwa nimeshashuka kwenye ngazi.

Wako,
Zuwena