Asante kwa aliyekaa sakafuni na mwanangu

Dada mshauri nasaha wa mwanangu, jina lako silitaji kwa kuwa hupendi kutajwa, lakini asante hii lazima niitoe hadharani.

Mwanangu ana miaka 11. Kila asubuhi tumbo lilimuuma, daktari akipima haoni kitu. Mimi nikadhani anadeka tu, aibu yangu hiyo. Wewe hukumhoji. Ulimpa kalamu za rangi na udongo wa kufinyanga, ukakaa naye sakafuni. Wiki ya tatu akachora nyumba isiyo na mlango. Ukamuuliza tu, "Nani yumo ndani?" Akalia.

Alichokwambia hukuniletea. Ulishatueleza kuwa ni siri yenu, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini. Nilinuna kidogo, nakiri. Baadaye akaniambia mwenyewe: aliogopa akienda shule, nami nitakufa kama baba yake.

Ulimfundisha kuipa hofu alama, kuanzia 0 hadi 10, na kupumua polepole mpaka ishuke. Nami ukanipa kazi yangu: nisikilize kwanza, ushauri uje baadaye. (Ngumu hiyo!)

Jana akivaa viatu kaniambia, "Mama, leo ni 3."